Mkalimani Asiyeongeza Neno

Neno la mtu mwingine huliongezi wala hulipunguzi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Didier, na kwa miaka sita aliyokaa kambi ya wakimbizi ya Mantapala hakuna aliyemkuta ameivunja: si ofisini, alikokuwa mkalimani siku tatu kwa juma, wala kwake nyumbani, alikosoma vitabu kwa sauti kila Jumamosi mchana.

Vitabu vyenyewe vilikuwa saba, vyote vya Kifaransa: riwaya nne na mikusanyo mitatu ya hadithi fupi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza huko kwao Pweto, ng'ambo ya mpaka, na ufunguo wa kabati la vitabu la shule ulikuwa mfukoni mwake. Vita vilipofika, watu walibeba sufuria, magodoro na kuku. Yeye alifungua kabati akajaza mfuko wa unga, kwa sababu kitu ulichokabidhiwa hukiachi. Njiani walimcheka sana. Lakini mwaka ule wa kwanza kambini, mvua ilipopiga maturubai kutwa nzima na hakuna wa kulima wala wa kuuza, walikuja wenyewe kumuuliza kama ule mfuko bado upo.

Wanawake waliketi na mabeseni ya mihogo iliyolowekwa, wakiimenya na kuivunja vipande, na Didier alikaa juu ya dumu lililopinduliwa. Alisoma sentensi moja kimya kwa Kifaransa, kisha akaitoa kwa Kiswahili. Hakuruka hata mstari. Penye aibu alisoma aibu, penye tusi alisoma tusi, na sura yake ilikuwa ileile aliyokuwa nayo alipotangaza siku ya kugawa mbegu. Jirani yake, Mama Ruffin, alipenda hasa penye matusi.

"Rudilia pale, Mwalimu. Sikusikia muzuri."

"Ulisikia, Mama Ruffin."

"Masikio yangu imezeeka! Rudilia, batu bote basikie."

Akarudia, neno kwa neno, bila kutabasamu, na wanawake wakacheka mpaka mihogo ikawatoka mikononi.

Hadithi zilikuwa za watu wa mbali, wa miji mikubwa na reli na baridi, lakini mambo yao hayakuwa mageni. Mtu amekosa, anaogopa kusema. Mtu anapenda, hana haki. Mtu amefika mahali, na watu wa pale wanamuuliza yeye ni wa nani. Wanawake wa Mantapala waliyajua hayo bila kufundishwa.

Mwanamke mmoja alikaa siku zote pembeni, karibu na mlango. Aliuza chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa mchangani. Alikwenda kuwachukua Kabuta, ufukweni mwa ziwa, kwa wavuvi na kurudi na magunia nyuma ya baiskeli. Wanawake wengine wote waliitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, Mama Ruffin, Mama Luse. Yeye aliitwa Mama Germaine, kwa jina lake mwenyewe, na watu walidhani hakujaliwa kuzaa. Hawakumuuliza.

Didier peke yake ndiye aliyejua.

Walikuwa wa mtaa mmoja Pweto. Germaine alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Princesse, na huyo binti Didier ndiye aliyemshikisha kalamu kwa mara ya kwanza. Siku risasi ziliposikika, Germaine alikuwa shambani na mtoto alikuwa kwa bibi yake, mama wa marehemu baba yake, upande wa pili wa mji. Barabara ilifungwa. Germaine alikimbia na watu waliokimbia, akavuka mpaka akiwa na jembe tu mkononi. Baada ya majuma matatu alipata habari kwamba bibi na mtoto wako hai, wamekimbilia Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, upande wa kwao.

Ndipo zikafika siku za kuandikishwa. Katika mstari mrefu mbele ya hema, watu walianza kuambiana neno lililotoka wasikojua: kwamba mwenye mtu wake aliye hai kule ataambiwa kule ni salama, naye atarudishwa wa kwanza. Hakuna mtu wa ofisi aliyesema hivyo. Lakini mstari ulikuwa na siku mbili za kungoja, na siku mbili zinatosha uvumi kugeuka amri. Germaine alipofika mezani akaulizwa ana watoto wangapi. Akasema alikuwa na mmoja, msichana wa miaka saba, jina Princesse, naye amekufa kwa surua.

Mkalimani wa meza ile alikuwa Didier, siku yake ya tatu ya kazi. Alijua mtoto ni mzima. Alimtazama Germaine, na Germaine akatazama jembe lake. Basi Didier akageuza maneno yale kwa Kiingereza, sawasawa kama yalivyosemwa, na yakaandikwa.

Alijiambia kwamba ametenda haki. Mkalimani si shahidi, si hakimu. Uongo ule ulikuwa wa Germaine, na hilo ni kweli. Lakini mtu anayejua ukweli akaupisha uongo mbele ya macho yake, halafu akajisifu kwa uaminifu, ana deni lake kwa Mungu, hata kama hakuna neno lake lililoandikwa.

Miaka ikapita. Turubai zikawa nyumba za matofali mabichi. Didier, ambaye hakuwahi kuoa, alizoea kupita kwa Germaine Jumapili baada ya misa. Alimwezekea paa. Germaine alimpikia, na wakati wengine wote walimwita Mwalimu, yeye alimwita Didier tu, kama wanavyoitana watu waliokulia mtaa mmoja. Kila mtu alijua mwisho wa jambo lile utakuwa upi, na Mama Ruffin alikwisha kuchagua kitenge cha kuvaa.

"Unangoja nini, Mwalimu? Askofu atoke Roma?"

Alichokingoja alimwambia Germaine mwenyewe, mara moja tu, na hakurudia.

"Sitakuomba ndoa juu ya uongo. Toa kwanza ile neno mu mukanda, mu ile karatasi ya ofisi. Mutoto iko muzima, uende useme iko muzima. Kisha nitakuja na bazee."

"Bakininyanganya karte ya mukimbizi?"

"Uongo ni wako. Ni weye njo utautoa."

Germaine hakukasirika. Alijua amesema kweli. Lakini kila mwezi ulikuwa na sababu yake, na kadiri neno lilivyokaa kwenye daftari ndivyo lilivyokuwa zito kuling'oa. Kwa mtoto pia hakupeleka habari. Angemwambia nini? Njoo, lakini ukifika usitaje jina lako?

Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka wa sita, Didier alisoma hadithi fupi kutoka kitabu chenye jalada jekundu. Mwanamke anatafuta kazi katika nyumba ya matajiri, nao hawataki mfanyakazi mwenye watoto. Anaapa kwamba hana. Mtoto wake anakua kwa watu. Miaka inapita, na siku moja kijana anafika getini akiuza makaa. Mama anamtambua kwa kovu la kidevuni. Bibi wa nyumba yuko dirishani, anatazama. Mama anapokea gunia la makaa, anasema asante, anafunga geti. Hadithi inaishia hapo.

"Hapana!" Mama Ruffin alipiga beseni. "Afungue! Mwalimu, sema alifungua!"

"Imeandikwa alifunga."

"Hii kitabu yako iko na roho mubaya. Wee ongeza kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Wakaanza kubishana wao kwa wao, wengine wakimtukana mama, wengine wakimtukana yule bibi wa dirishani. Germaine aliacha kumenya. Kisha akauliza, polepole, "Na mutoto alijua kama ni mama yake?"

Didier alirudi kwenye ukurasa wa mwisho, akausoma tena wote kwa macho.

"Kitabu hakisemi."

Wengine walipokwenda zao na mihogo yao, Germaine alibaki.

"Nitaenda kusema," alisema. "Lakini sitaenda na mikono mitupu. Nitaingia na yeye, namushika mukono, baone kama ni muzima. Sébastien anavuka kesho."

Sébastien alikuwa mfanyabiashara wa boti aliyepeleka unga na sabuni Kilwa na kurudi na mafuta ya mawese, na siku zote alitia nanga Kabuta. Germaine alimpa ujumbe mfupi: mwambie Princesse kwamba mama yake yuko hai, yuko Mantapala, anaomba msamaha, na Alhamisi ushuke naye. Yeye mwenyewe angekuwa Kabuta, mchangani, akingoja boti.

"Didier, tukiingia mu ofisi, unitafutie maneno ya muzuri."

"Sitafuti maneno. Nabeba ile unanipa."

"Ah, weye!" Akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Bon. Nitakupa ya muzuri mi mwenyewe."

Jumatano akaenda Kabuta na nguo mpya aliyoshona kwa kukisia, maana hakujua binti wa miaka kumi na mitatu anakuwa na mabega gani.

Lakini Princesse hakungoja Alhamisi. Sébastien alipomfikishia ujumbe Jumanne, alilia, akacheka, akawasumbua watu wote wa nyumba, na kesho yake bibi yake akamkabidhi kwa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anavuka na boti nyingine. Boti hiyo haikwenda Kabuta. Ilitia nanga Nchelenge. Alilala kwa ndugu za yule mama, na Alhamisi asubuhi akapanda baiskeli ya kukodi mpaka Mantapala, akaulizia ofisi, akapanga mstari.

Didier alikuwa mezani, amevaa ile fulana ya kijani ya wakalimani. Aliona msichana mrefu mwenye mfuko wa plastiki kifuani.

"Mwalimu!" msichana akasema. "Ni weye! Mwalimu Didier!"

Upande wa pili wa meza alikaa karani Nsama, mzaliwa wa Nchelenge, dada mwenye adabu ambaye hata mwaka hajatimiza kazini. Kiswahili alijua cha sokoni tu. Akauliza mgeni anataka nini.

"Natafuta mama yangu. Germaine, wa Pweto. Banasema iko hapa." Akafungua mfuko na kuanza kupanga karatasi mezani: buletini za shule, alama za kila mwaka, saba, hakuna hata moja iliyokunjika. "Nilimuletea aone. Hii ya kwanza ni weye uliandika, Mwalimu."

Ilikuwa kweli. Mwandiko wake, wino wa bluu: *Mtoto mwenye bidii.*

Nsama alifungua faili. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamwelekea Didier, si msichana, na akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba haelewi. Huyu Germaine aliandikishwa peke yake, na hapa inaonyesha binti yake Princesse alikufa kwa surua kabla hawajavuka.

"Anasema nini?" Princesse aliuliza.

Kinachosemwa juu ya meza kinageuzwa. Ndivyo Didier alivyofanya kazi miaka sita, na hakuwahi kuchagua lipi apitishe na lipi azuie.

"Anasema hapa imeandikwa Germaine alikuwa na mutoto mumoja, Princesse, na ule mutoto alikufa na surua."

Mkono wa msichana ulibaki juu ya karatasi.

"Nani alisema vile?"

Didier akageuza: anauliza nani alisema.

"Ba Didier," Nsama alisema, kwa heshima ya kwao, "nilikuwa nakuambia wewe." Lakini msichana alikuwa anamtazama, anangoja, na uso wake haukuwa uso wa kudanganywa. Nsama akashusha macho kwenye faili. "Ni mama mwenyewe. Mwambie aketi. Mwambie tutamtafuta mama yake, atatueleza."

"Ni mama yako njo alisema. Anasema ukae, batamutafuta, atatuelezea."

"Na weye, Mwalimu? Ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Ulinijua mimi. Ulisema nini?"

"Nilisema ile yeye alisema."

Wakati huo Germaine alikuwa mchangani Kabuta na nguo mpya mapajani, na Didier alijua. Sentensi nzima ilikuwa tayari kinywani mwake: mama yako yuko Kabuta, anakungoja wewe, tangu jana. Lakini hakuna mtu wa meza ile aliyeitamka, kwa hiyo haikuwa yake kuigeuza. Alijiambia atamwambia nje, saa sita, akishavua fulana.

Princesse alizikusanya buletini moja moja, akazilinganisha pembe kwa pembe, akazirudisha mfukoni. Hakulia. Alimwambia Nsama "asante" kwa Kiswahili, akatoka.

"Mfuate," Nsama alisema. "Ba Didier, mfuate sasa hivi!"

Didier alisimama. Fulana ya kazi haitoki nje ya ofisi. Aliivua, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku lake. Akaenda kwenye daftari la mahudhurio, akaandika jina lake na saa ya kutoka, maana mtu haachi kazi kama mwizi. Alipofika barabarani, watu walimwonyesha vumbi la baiskeli upande wa Nchelenge. Alitafuta baiskeli nyingine kwa muda mrefu. Kule ziwani aliambiwa msichana mwenye mfuko wa plastiki amepanda boti iliyokuwa inaondoka, hakuuliza hata nauli kabla ya kupanda.

Germaine alirudi Ijumaa, amechoka, nguo mpya bado imekunjwa. Sébastien alikuwa amemwambia kwamba mtoto alitangulia. Alikuja moja kwa moja kwa Didier, anatabasamu, anachungulia nyuma ya mgongo wake kama mtu anayetafuta mtoto aliyejificha.

Didier alimweleza yote, kuanzia buletini mpaka boti. Hakujisaidia kwa neno lolote, wala hakumtia Nsama lawama. Germaine alisikiliza amesimama.

"Ulimuambia kama niko Kabuta namungoja?"

"Hakuuliza."

Germaine alikaa chini mavumbini. Mama Ruffin alitoka mbio, akamshika mabega, na kwa mara ya kwanza watu wa mtaa ule walisikia kwamba alikuwa mama wa mtu.

Jumatatu Germaine alikwenda ofisini. "Mutoto wangu iko muzima," alisema. "Nilidanganya ju ya woga." Didier akageuza. Nsama akafuta, akaandika, akapiga mhuri. Hakuna aliyemnyang'anya karte, hakuna aliyemkemea. Kazi yote ilichukua muda usiofika wa kumenya muhogo mmoja, na Germaine aliutazama ule mhuri kama mtu asiyeamini kwamba kitu alichokiogopa miaka sita kilikuwa kidogo vile.

Baada ya majuma mawili Sébastien akaleta jibu la kutoka Kilwa. Hakutaka kulifikisha mwenyewe. Alimpa Didier, akasema, "Weye njo una kazi ya kubeba maneno. Hii mi siwezi."

Didier alikwenda kwa Germaine mchana, wakati wa kuanika unga. Njiani alijua kwamba angeweza kusema mtoto amekasirika, atapoa. Angeweza kusema Sébastien hakumkuta. Mama Ruffin alimwona akipita, akamshika mkono.

"Ni mubaya?"

"Ni ya mwenyewe."

"Basi ongeza kidogo, Mwalimu. Leo tu. Tafadhali."

Alipita.

Germaine alinyoosha mgongo, akafuta unga mikononi. "Sema."

"Anasema: mumuambie mama, ule mutoto alikufa na surua, njo vile iliandikwa."

Upepo ulikuwa unachukua unga juu ya mkeka. Germaine alilizuia gunia lisiruke, akaweka jiwe juu yake, akaangalia kama limekaa vizuri.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Miaka yote alikuwa amemwita Didier.

Wanawake walianza kumwita Mama Princesse. Walifanya hivyo kwa huruma, lakini alipoitwa hakugeuka, na kabla ya mvua kuanza alihamia Kabuta. Anakaa kule mpaka sasa, anakausha samaki, na kila boti ya Kilwa inapoingia anaacha kazi na kwenda mpaka majini. Kila safari Sébastien humpelekea mtoto ujumbe wake. Jibu halijaja tena.

Didier alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza Germaine alimpa maji na kiti, kama apewavyo mgeni wa ofisini. Mara ya pili alimwomba asirudi.

Bado anasoma Jumamosi. Vitabu ni saba, vikisomwa vinaisha na kuanza tena, na mzunguko ulipofika kwenye kitabu chekundu, wanawake walimwomba aiache ile hadithi ya makaa. Hakuiacha. Alipofika getini Mama Ruffin aliinuka na beseni lake akaondoka, na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, naye akamalizia ukurasa peke yake, kwa sauti, kama ulivyoandikwa.

Sheria yake haikuvunjika. Ilimnyang'anya yeye Germaine, na Germaine ikamnyang'anya mtoto wake.